Nisindikize Hadi Kituoni

Ukitaka kumjua mtu wa Dar usimsikilize akiwa amekaa sebuleni, msikilize akiwa anaaga. Bibi yangu mzaa mama alikaa Magomeni uzee wake wote, na ukienda kumsalimia mnakaa masaa mawili mnaongelea bei ya sukari, nani kaoa, nani kafiwa, alafu ukisema "haya bibi mi naondoka, giza linaingia" ndo anainuka, anajifunga khanga ya pili, anatafuta ndala zake uvunguni, anasema twende nikusindikize. Hapo sasa. Kutoka mlangoni mpaka getini (geti lenyewe la bati) dakika kumi. Kutoka getini mpaka kituoni Mapipa, njia ambayo mtoto ukimtuma anaenda na kurudi kabla chai haijapoa, sisi tulikuwa tunaimaliza kwa nusu saa nzima maana kila hatua tatu anasimama, anakushika kiwiko, anashusha sauti. Na mkifika kituoni daladala ikija tupu kabisa, siti zinaonekana, konda anaita mpaka sauti inakauka, yeye anasema "hiyo imejaa, subiri inayofuata."

Pale ndo nilipojua mambo. Nilijua kwamba alipozikwa mjomba wangu mmoja ambaye mimi sikumkuta, bibi alikaa mwaka mzima hawezi kuimaliza Baba Yetu. Yaani wako kwenye jumuiya (kile kikundi cha sala cha Wakatoliki wa mtaani) wote wanasali, yeye akifika "utakalo lifanyike" anafunga mdomo, anawaacha wenzake waende, alafu anawadakia mbele kwenye "utupe leo mkate wetu." Mkate aliutaka, hayo mengine hakuwa tayari. Sasa kulikuwa na mama mmoja jirani, anakaa naye mkeka mmoja, aliligundua hilo kuanzia wiki za mwanzo kabisa. Hakumsema, hakumpeleka kwa padri, hakumletea mstari wa Ayubu. Alichofanya ni kwamba na yeye akawa anafunga mdomo pale pale. Wakawa wawili wananyamaza kwenye mstari mmoja wiki nenda wiki rudi, na siku bibi alipojikuta amelisema lile neno, yule mama naye akalisema.

Hii stori hakuisimulia kanisani hata siku moja. Aliisimulia barabarani, tukiwa tunakwepa dimbwi, na nadhani aliisimulia kwa sababu mimi nilikuwa naondoka na hakukuwa na muda wa kujipanga.

Naileta hapa kwa sababu nimechoka kidogo na jinsi mji wetu unavyosimulia imani saivi. Kila ukifungua simu kuna klipu ya ushuhuda, kila Jumapili kuna maiki inazunguka, magrupu ya WhatsApp yamejaa visa vya mtu aliyeota, aliyepona, aliyeamka na gari. Hatujapungukiwa na stori hata kidogo. Ila ukiziangalia vizuri nyingi zimetoka kwenye mdomo wa mtu ambaye hakuna anayemsindikiza, na hata wewe unayesikiliza huna mpango wa kumsindikiza, unaangalia, unaweka kopa, unaendelea na maisha. Hoja yangu ni kwamba stori ya imani ikisimuliwa hivyo inakatwa mahali, na mahali inapokatwa ni pale pale ambapo mtu alikuwa anahitaji mwenzake.

Nirudi nyuma kidogo. Nyumba yetu ilikuwa ya mchanganyiko kama nyumba nyingi za huu mji, upande wa mama Wakatoliki, upande wa baba Waislamu, Krismasi tunakula pilau kwa bibi na Idi tunakula pilau kwa baba mkubwa na wapishi ni wale wale. Bibi usiku alikuwa anatupa hadithi na hatenganishi, leo sungura na fisi, kesho Yusufu na ndugu zake, keshokutwa zimwi, na kwa umri ule mimi nilikuwa naamini kwamba zimwi nalo liko mahali kwenye Biblia. Ila alikuwa na sheria moja hachezi nayo. Anasema "Paukwa!" na lazima mjibu "Pakawa!" Asipojibiwa haanzi. Na katikati ya hadithi akihisi mmelala anarudia tena, paukwa, na akikuta kimya anasimama hapo hapo, hata kama fisi yuko juu ya mti. Kesho yake mnaanzia pale mlipolala.

Nilikuwa nadhani ni mbwembwe za kuchangamsha watoto. Saivi naona kwamba mababu waliotupa hiyo fomula walijua jambo, kwamba msimulizi hana haki ya kuendelea kama huku upande wa pili hakuna mtu. Na angalia, imani zetu zote mbili hapa mjini zimejengwa hivyo hivyo. Tumsifu Yesu Kristo, unajibiwa milele na milele amina. Asalaam aleykum, unajibiwa waaleykum salaam, na kuitikia ni wajibu. Bwana Yesu asifiwe, amen. Shida ni kwamba jibu limekuwa jepesi mno, mtu anapiga "amen" huku anachati, yani amejibu pakawa akiwa amelala.

Sasa upande wa baba mkubwa. Yeye alikuwa anafundisha madrasa, watoto wanasoma juzuu amma wanayumba kama miti, na baada ya isha wakubwa wanabaki kwenye darsa. Baba mkubwa ndo aliyenifungua macho kuhusu neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja, hadithi, kwa sungura na fisi, na neno hilo hilo kwa maneno ya Mtume. Wengine wanaona ni umaskini wa lugha, yeye alikuwa anaona ni utajiri, anasema tofauti ya hizo mbili ni isnadi. Hadithi ya Mtume haiji peke yake, inakuja na mnyororo wa watu, fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa swahaba aliyekuwepo. Na wanazuoni walikuwa wanauliza kuhusu kila mtu kwenye ule mnyororo, alikuwa mkweli? kumbukumbu zake nzuri? hao wawili kweli walikutana au mmoja alikuwa Basra mwingine hajawahi kutoka Madina? Kuna kile kisa cha Imam Bukhari, yule mkusanyaji mkubwa wa hadithi za Mtume, ambacho masheikh wa darsa wanakipenda sana, kwamba alisafiri safari ndefu kwenda kuchukua hadithi kwa mtu, akamkuta anamwita mnyama wake kwa nguo aliyoikunja kama vile ina chakula kumbe tupu, Bukhari akageuza akarudi zake. Mtu anayemdanganya punda hawezi kunipa maneno ya Mtume. Baba mkubwa akifika hapo anacheka mpaka kofia inasogea.

Alafu anakupeleka mbele zaidi. Swahaba ni nani? Ni mtu aliyekaa na Mtume, akala naye, akasafiri naye. Shina la neno ni lile lile la swahiba, huyu swahiba tunayemwita mtaani hata kama tunamdai. Kwa hiyo ukiangalia, uzito wa stori nzima umesimama juu ya watu waliokaa pamoja. Ndo maana mimi zile meseji za "tuma kwa watu kumi utapata baraka" zinanikera kuliko inavyotakiwa. Imesambazwa mara nyingi, simu yenyewe inakuambia imesambazwa mara nyingi, lakini hakuna hata mmoja kwenye huo mnyororo anayekumbuka kaipata kwa nani, na ukimuuliza aliyekutumia atakwambia na mimi nimetumiwa tu.

Mwaka mmoja alinichukua ziara Bagamoyo. Watu wa tarika (zile njia za masufi) mnaijua, mabasi, bendera, wamama na baibui zao, dhikri mpaka usiku. Njiani akanisimulia habari za Sheikh Ramiya, jina lake hasa Yahya bin Abdallah, aliyeletwa pwani mtoto akiwa mtumwa kutoka pande za Kongo na akaja kuwa khalifa mkubwa, yaani kiongozi, wa tarika ya Qadiriyya pale Bagamoyo, akafariki 1931. Sasa fikiria hilo. Mtumwa amekatwa ukoo, hajui tena babu yake ni nani, kwenye jamii ya pwani ya wakati ule ambayo kila mtu anajitambulisha kwa nasaba zake huyo ni mtu asiye na pa kuanzia stori yake. Tarika ikampa silsila, mnyororo wa masheikh, huyu kafundishwa na huyu kafundishwa na huyu, mpaka kwa Sheikh Abdulkadir Jilani, ambaye tarika imebeba jina lake, na zaidi. Sisemi kwamba utumwa ukafutika kwa hilo, haufutiki. Ila mtu aliyenyang'anywa ndugu alipata watu wa kusema "mimi ni wa hawa," na waliokuja kukaa mkekani kwake walikuwa watoto wa watu wenye nasaba.

Haya, kwa Wakatoliki. Jumuiya ndogo ndogo wengi mnazijua kwa mabaya yake kwanza, subirini nitafika. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, waliamua kwamba ujenzi wa jumuiya hizi ndo uwe kipaumbele, Kanisa lishuke kutoka parokiani mpaka mtaani, familia chache zinazojuana zikutane nyumba kwa nyumba. Kwetu Tanzania ikapata udongo mzuri maana tayari tulikuwa na mazoea ya balozi wa nyumba kumi tangu TANU miaka ya 1960, watu wanajua kukaa chini ya mwembe na kuongelea mambo ya kumi hao hao. Na utaratibu wake kwenye karatasi ni mzuri sana kusema kweli. Mnasoma injili ya Jumapili inayokuja, mnakaa kimya, alafu kila mtu anasema neno gani limemgusa na maisha yake yanahusikaje. Muuza mkaa anasema, mwalimu mstaafu anasema, dada wa kazi anasema. Hakuna anayehubiri. Wale wamama wawili walionyamaza kwenye Baba Yetu walilelewa na utaratibu huo, mtu asikwambie jumuiya haijafanya kitu.

Lakini tuseme ukweli, kwa nini watu wengi wa hapa mjini wanaenda jumuiya? Barua. Unataka mtoto abatizwe, barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Unataka kufunga ndoa, barua. Umekufa, ndugu zako wanaulizwa marehemu alikuwa jumuiya gani na daftari linafunguliwa. Kwa hiyo mtu anakuja Jumamosi asubuhi, anakaa karibu na mlango, anahakikisha jina limeandikwa, michango imetajwa (na michango haiishi, mavuno, ujenzi, gari la paroko, msiba wa kanda), na ile sehemu ya kushirikishana neno inapewa dakika tano za mwisho, "kuna yeyote mwenye la kusema? Hakuna. Tusimame." Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo sana tu. Kitu kilichotengenezwa ili watu wasikilizane kimegeuka rejista ya mahudhurio ya kuzikwa. Na siwalaumu viongozi sana, mwenyekiti wa jumuiya mara nyingi ni mama mwenye genge lake anayebeba kazi ya ukarani bila mshahara.

Kwa upande wa waliookoka nako kuna stori ya kusikitisha kidogo ukiijua chimbuko lake. Neno mlokole tumelichukua kwa Waganda, na lilikuja na uamsho ulioanzia pande za Gahini kule Rwanda, ukashika moto miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia Bukoba na kusambaa. Wale wa mwanzo walikuwa na kitu wanakiita kutembea nuruni. Mtu anasimama mbele ya wenzake anaitaja dhambi yake kwa jina, na kama aliiba anarudisha, na wenzake wanaomsikiliza ni kikundi kile kile kitakachomuona wiki ijayo na nyingine, kwa hiyo ushuhuda wako unaishi nao. Ukisema umeacha pombe, kuna watu kumi watakaokutana na wewe njiani jioni.

Linganisha na sasa. Ushuhuda wa siku hizi una umbo lake na limekaza kama sare ya shule: nilikuwa sina, nikaja hapa, nikaombewa, nina. Kabla na baada. Katikati hakuna kitu. Na nasema hili kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kusimama pale.

Mwanangu wa pili ana siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kama hujawahi kuishi nayo sijui nikuelezeje, Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto kuzaliwa nayo lakini ikikuingilia nyumbani unajiona uko peke yako, mtoto anaamka saa nane usiku anasema miguu inauma na hiyo "inauma" sio ya kuanguka na baiskeli, ni mifupa inalia. Mwaka mmoja akiwa na miaka mitano alilazwa wiki tatu, kifua, homa, akaongezewa damu mara mbili. Akapona, maana yake shambulio lile likapita, tukarudi nyumbani. Mke wangu wakati huo alikuwa anasali kwenye kanisa moja la kiroho ambalo silitaji, na walikuwa wametuombea kweli, na mimi nikasema acha niende nikashukuru, moyo wangu ulikuwa umejaa.

Nikapewa maiki. Nikaanza kusimulia kama bibi angesimulia, kwamba siku ya tisa nilitoka wodini nikaenda kukaa kwenye ngazi nikamwambia Mungu kama unamchukua mchukue, nimechoka kumuona, na kwamba ile sala naiona aibu mpaka leo na bado sijajua kama ni dhambi au ni nini. Nilikuwa bado kwenye ngazi, kwenye stori, kijana mmoja wa huduma amevaa suti akaniinamia sikioni taratibu kabisa, kwa heshima, akasema "mtumishi fupisha, nenda kwenye muujiza."

Nikaenda kwenye muujiza. Nikasema alikuwa mahututi na sasa amepona, watu wakapiga vigelegele, kinanda kikaingia, na kile kipande ndo kikarekodiwa kikazunguka mpaka kwa shemeji zangu Mwanza.

Miezi mitatu baadae miguu ikaanza tena. Na hapa ndo nataka mnisikilize kwa makini kidogo maana ndo hoja yenyewe. Nilipomshika yule mtoto usiku ule nikagundua sina mtu wa kumpigia. Kwa sababu mimi nilishapona! Nipo kwenye simu za watu nimepona, nimevaa shati jeupe. Nikipiga nikasema anaumwa tena, nimeleta swali ambalo hakuna anayelitaka: ushuhuda ulikuwa uongo? imani imepungua? kuna dhambi imerudi nyumbani? Stori yangu mwenyewe ilinifungia mlango. Kama ningeachwa nimalize ile ya kwenye ngazi, labda kuna baba mmoja pale ndani ambaye naye aliwahi kukaa kwenye ngazi zake angenifuata nje baada ya ibada. Hatukujuana. Kilichokatwa ndo kilikuwa anwani yangu.

Niliyempigia mwishowe ni baba mkubwa. Saa tisa usiku, alikuwa macho kwa tahajudi, sala ya usiku. Nikamuambia yote pamoja na ile sala ya ngazini. Akanyamaza sana mpaka nikadhani simu imekata, alafu akaanza kunisimulia Yusufu, mimi mtu mzima, saa tisa usiku. Lakini hakunipeleka kwenye ufalme wa Misri. Alinipeleka gerezani na akanibakiza huko. Akasema Yusufu aliwaita wale wafungwa wawili masahibu zake, neno la kwenye Qurani ni hilo hilo, sahibu, swahiba. Akawatafsiria ndoto, akamwambia yule atakayetoka, ukifika kwa bwana wako unitaje. Yule akatoka akasahau. Yusufu akakaa gerezani miaka mingine. "Sasa wewe," akasema baba mkubwa, "hiyo miaka watu wanairuka. Wanataka kumvisha kanzu ya uwaziri. Mimi kila nikisoma nawaza usiku wa kwanza baada ya kujua kwamba kasahauliwa." Akauliza mtoto amekunywa maji ya kutosha? Nikasema ndiyo. Akasema basi tukae. Tukakaa kwenye simu mpaka adhana ya alfajiri, hatuongei, nasikia anavyohesabu tasbihi.

Na Wakristo wasidhani kwao ni tofauti, Luka 24 ni kitu hicho hicho. Wawili wanatembea kwenda Emau, wamevunjika moyo, anatokea mtu (ni Yesu aliyefufuka, wao hawamtambui) anaungana nao njiani na swali lake la kwanza ni mnaongea nini hivi mnapotembea? Biblia yetu ya Kiswahili inasema wakasimama wamekunja nyuso zao. Napapenda sana hapo. Yeye ndo anayeijua stori nzima kuliko wote, ila anawaacha waisimulie vibaya mpaka mwisho, mpaka kwenye lile neno la kukata tamaa, sisi tulikuwa tukitumaini. Hakuna aliyemwambia Kleopa, mmoja wa wale wawili, afupishe. Kueleza kwake kote kulikuja baada ya hapo, na walikuja kumtambua mezani, jua limeshazama. Ukiitoa ile njia ukabakiza meza peke yake huna stori, una tangazo la mgahawa.

Papa Francis mwaka 2013 aliandika kwamba Kanisa inabidi lijifunze sanaa ya kumsindikiza mtu, na kwamba mbele ya mwenzako uvue viatu kama Musa kwenye kichaka. Bibi hakuvua viatu, yeye alikuwa anatafuta ndala, lakini nadhani wangeelewana.

Najua pingamizi. Mke wangu nilipomsomea rasimu ya hii makala alisema kwa hiyo unataka turudi kwenye umbea wa getini? Na ana pointi. Mtu anayejua ile sala yako ya ngazini anaweza kukuuza nayo. Mji huu umejaa watu wanaojiita baba wa kiroho ambao walianza kwa kukusikiliza vizuri wakaishia kukushika hela, au kukushika mkono, na wanawake wengi wana stori hizo hawajapata pa kuzisemea. Nadhani ndo maana kuna watu wanaipenda ile maiki, angalau mbele ya watu elfu mbili hakuna atakayekufuata nyumbani. Sina dawa ya hilo ila nimeona alama moja: bibi alikuwa na yeye anasimulia. Alikupa ya kwake kabla hajaomba ya kwako. Ukikutana na msindikizaji wa kiroho ambaye anazijua siri zako zote na wewe hujui hata moja yake, mimi ningepanda daladala ya kwanza.

Na kuna swala la mji wenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 5.38 mkoa huu, mtu anakaa Chanika anafanya kazi Masaki, anasali Ubungo, akirudi nyumbani saa nne usiku umsindikize wapi? Hata kuaga kumekufa kwa namna yake. Mgeni akisema naondoka anashika simu, boda iko getini dakika mbili, mnaagana kwa "tuwasiliane." Siipingi boda, imeniokoa mara ngapi. Ila zile nusu saa za kutoka mlangoni mpaka Mapipa zilikuwa na kazi, na hatujaweka kitu pale.

Labda tumeweka ila hakina jina. Siku ya kliniki, wazazi wa watoto wa siko seli tunakaa kwenye benchi moja refu tangu asubuhi, mafaili mkononi. Pale kuna mama wa Kiislamu ana tasbihi, kuna mama mlokole, kuna baba mmoja mwendesha bajaji ambaye anasema yeye hana dini lakini ndo anayejua sala za watoto wote. Mwaka wa nne sasa tunajuana. Hakuna anayeuliza mtoto amepona, tunauliza "mwezi huu umekuaje?" Mtu anasema. Mwingine anasema mimi wangu Jumanne alilia mpaka nikatoka nje. Anajibiwa, mi mwenyewe. Hiyo mi mwenyewe inatosha kuwa pakawa.

Wiki mbili zilizopita alikuja dada mmoja mgeni, ana mtoto wa miezi tisa mgongoni, karatasi ya majibu ameikunja vipande vinane. Alikaa mwisho wa benchi hasemi na mtu. Tulipotoka nikakuta anaulizia magari ya Mbagala, nikamwambia twende nikuoneshe, ni njia yangu (haikuwa njia yangu). Tulitembea pole pole kwa sababu ya mtoto. Karibu na kona akasimama, akaniuliza bila kuniangalia, "na wewe siku ya kwanza ulisema nini kwa Mungu?"

Nikamwambia ya ngazini, yote. Tukafika kituoni ninaongea, ikaja ya Mbagala Rangi Tatu, siti ziko wazi mpaka nyuma, konda anapiga bodi kwa kiganja. Dada akaiangalia, akamuweka mtoto vizuri mgongoni, akasema hiyo imejaa.